Mtera kwa mtumbwi: mzee aliyejua kukataa

Sisi tuliohamia Dodoma tukifuata wizara tuna wimbo wetu mmoja: huku hakuna maji. Tunauimba ofisini, tunauimba kwenye daladala, na tunauimba zaidi mwezi wa kumi, vumbi linapoingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekulia penye mto na bahari kwa pamoja, kwa hiyo katika wimbo huo nilikuwa mstari wa mbele. Kilichoninyamazisha ni safari ya mtumbwi. Ndiyo, mtumbwi, na Dodoma hii hii.

Ukishika barabara ya Iringa, ukapita Chipogolo na kuanza kuteremka, joto linaongezeka na mibuyu inazidi kunenepa. Baada ya kilomita kama 120 kutoka mjini unalikuta Bwawa la Mtera. Hapo ndipo Ruaha Mkuu na Kizigo hukutana, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ukajengwa ukuta, maji yakapanda na kulifunika bonde zima. Likijaa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 660. Upande huu Dodoma, ng'ambo Iringa. Wengi wetu tunalijua kwa dirisha la basi tu: barabara inapita juu ya ukuta, askari wanaangalia mtu asipige picha, kisha uko Iringa na umeshasahau.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kigogo, mvuvi aliyeziacha nyavu na sasa anapeleka wageni kuangalia ndege na viboko. Alikuwa na mjukuu wake wa kupiga kasia, na dada yake, ambaye kila mtu pale humwita Bibi, aliyehusika na chakula na mambo yote ya porini. Sisi tulikuwa watu wanne wa ofisi moja, tumefika mchana wa Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaaga.

"Mbukwenyi," mzee akatusalimu. Tukaitika tulivyoweza, tukaongeza na shikamoo ili tusikosee. Mwenzetu mmoja, yule wa kamera, akauliza tunaingia majini saa ngapi.

"Leo hatuingii."

Maji yalikuwa pale, hatua hamsini, yanameta. Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye kisiki. Pesa tulikuwa tumeshalipa. Mzee hakujieleza wala hakuomba radhi, alituonyesha tu mianzi ya kambi ya wavuvi ilivyoinama. Upepo wa kusini mashariki hushika bwawa kuanzia asubuhi iliyokomaa na huchoka jua likikaribia kuzama. Unasafiri kilomita nyingi juu ya maji wazi bila kizuizi, na mawimbi yake si kama ya kwetu Pwani. Wimbi la bahari ni refu, chombo hupanda nalo na kushuka nalo. La Mtera ni fupi, limesimama, na kabla hujamaliza moja la pili limeshafika. Mtumbwi wa mbao ukilipokea ubavuni unajaa maji bila ubishi. Nilisimama ukingoni nikiyaangalia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naitwa mtaalamu wa maji katika kundi, wenzangu walinigeukia wakitaka nimpinge mzee. Sikuwa na la kusema. Ningekuwa mimi nisingetoka pia.

Basi mchana ule tuliutumia kwa kukaa, na kukaa na mzee kuna faida. Alitueleza kuhusu visiki.

Maji yalipopanda kwa mara ya kwanza, misitu ya bondeni haikung'olewa yote. Miti ilikufa imesimama. Mingine mpaka leo inachungulia, imekuwa mieupe kwa kinyesi cha minandi, na wapita njia huipiga picha kwa sababu inapendeza sana jioni. Inayoonekana haina shida. Shida ni ile ambayo kichwa chake kiko shibiri moja chini ya maji. Na kichwa hicho hakikai mahali pamoja mwaka mzima, maana kina cha bwawa hili kinachezeshwa na mvua za mbali huko Mbeya na Usangu, na pia na umeme. Mtera ilijengwa kwanza iwe tangi la kuulishia mtambo wa Kidatu wenye megawati 204, na mtambo wake yenyewe wa megawati 80 ukafuata mwaka 1988. Likijaa kabisa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likifika mita 690 ndiyo mwisho wa kuyatumia kwa umeme. Tofauti hiyo ni zaidi ya mita nane, kama nyumba ya ghorofa mbili. Kisiki ambacho mwezi wa kumi na moja mnandi amekikalia, mwezi wa tano kinakungoja gizani.

"Kwa hiyo njia ya mwaka jana haikusaidii?" nikamuuliza.

"Njia ya mwezi jana haikusaidii, mwanangu."

Alfajiri tulitoka. Mzee aligawa jaketi okozi na kukaa chini. Mmoja wetu aliona joto, akaliweka miguuni. Mzee akaendelea kukaa. Hakuna aliyesema neno mpaka yule ndugu alipoelewa kwamba hatutaondoka, akalivaa na kufunga vishikizo vyote. Kwetu Pwani nahodha angemtania tu abiria kisha chombo kiende. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nirudi.

Maji ya asubuhi yalikuwa kama yamepigwa pasi. Kijana alisimama nyuma na pondo tulipokuwa kwenye maji mafupi, akashika kasia tulipoingia yanayozama, na mzee alikaa mbele akisoma uso wa maji kwa mkono: kushoto, kulia, polepole. Kisiki kilicho karibu huacha alama, kijikunjo kidogo ambacho hakiendi na upepo. Baada ya nusu saa na mimi nilianza kuviona, viwili kati ya kila vitano hivi.

Ndege walikuwa wengi mno kwa mtu aliyeambiwa Dodoma ni jangwa. Mwari walikuwa wanavua kwa pamoja, wamejipanga nusu duara, wanasukuma samaki kwenye maji mafupi kisha wanainamisha midomo yote kwa wakati mmoja. Furukombe aliita kutoka juu ya mti mkavu, akarusha kichwa nyuma kama kawaida yake. Mdiria mweusi na mweupe alikuwa anasimama hewani, mabawa yanapiga bila yeye kusogea, kisha anaanguka kama jiwe. Minandi ndio waliojaa kila tawi, wengine wametandaza mabawa wakijianika, kwa sababu manyoya yao yanalowa. Hiyo inawasaidia kuzama haraka wakimfuata samaki, lakini baadaye lazima wakauke.

Mwenzetu wa kamera akaomba tusogee chini ya mti mmoja uliojaa viota. Mzee akatikisa kichwa. Alieleza akiwa hata hajageuka: mama akiruka kwa hofu, jua la saa tatu la huku linachemsha yai, na mwewe anayeranda juu hatoi nafasi ya pili. Tukapiga picha kutoka tulipokuwa. Picha zenyewe ni ndogo na zinaonyesha mti.

Sasa viboko. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewahi kupanda boti mahali pengine ambako mwendeshaji aliwafukuza viboko kwa injini ili abiria wapige kelele na baadaye watoe bakshishi nono. Wakati ule nilidhani huo ndio utalii wenyewe.

Tulipokaribia ghuba moja upande wa magharibi, kijana aliacha kupiga kasia. Mzee akachukua la kwake na kugonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini: ko, ko, ko. Akanyamaza. Maji yakatulia. Akagonga tena. Masikio yakatokea, kisha macho, kisha pua zinazopuliza. Alikuwa anahesabu kwa kunong'ona kwa Kigogo. Kumbe kundi la ghuba ile analijua, ni vichwa kumi na kimoja, na haendi popote mpaka awe ameviona vyote. Kugonga ni kubisha hodi. Kiboko anayejua uko wapi hutulia au hujitenga. Anayekushtukia yuko chini ya ubao wako ndiye anayeua watu.

Vilitokea kumi.

Tulikaa. Kiboko huweza kuzama dakika tano hivi bila kuvuta hewa, kwa hiyo kusubiri dakika mbili si kusubiri. Yule dume mkubwa alifungua kinywa, tukaona meno, na mmoja wetu akacheka akisema ana usingizi. Mzee alisema kwa sauti ya chini kwamba huyo hapigi miayo, anatuonyesha silaha. Dakika zikaenda. Nilikuwa naangalia mbele walipo wale kumi, wote tulikuwa tunaangalia mbele. Mzee alikuwa ameshageuka, anaangalia ufukweni nyuma yetu.

Wa kumi na moja alikuwa kwenye majani, nchi kavu. Pengine alichelewa kurudi kutoka malishoni, maana hula usiku na kurejea majini kabla jua halijapanda. Alikuwa amesimama ametuelekea, na sisi tulikuwa katikati yake na maji marefu. Hilo ndilo jambo ambalo wavuvi wote wa pale wanalijua na wageni hatulijui: kiboko akiogopa hakimbilii porini, anakimbilia kina, na aliyesimama njiani anapitiwa juu. Dume mzima ana uzito unaozidi kilo 1,500.

Mzee hakusema "kimbieni". Alinyoosha kiganja chini, kijana akazamisha pondo na kuturudisha nyuma na pembeni, bila kishindo, mpaka njia ikawa wazi. Kiboko akaingia majini na wimbi lake likatufikia miguuni. Kisha mzee akahesabu upya, akafika kumi na kimoja, akafikiri, akasema tunarudi. Wenzangu walitaka kuendelea, kwa sababu sasa wote walikuwa wanaonekana, si ndivyo? Akasema wameshaudhika, na asubuhi ni yao. Mdomo wa Kizigo tuliokuwa tunaelekea hatukuuona safari hiyo.

Nilikasirika kidogo, nisifiche. Lakini nilipokuwa nimekaa na hasira zangu nikaanza kuorodhesha kichwani mambo ambayo mzee alikuwa ameshatunyima tangu tufike, na nikagundua kwamba ndiyo hasa tuliyomlipia. Kupiga kasia hata mimi najua. Viboko hata mtoto atakuonyesha. Anachouza mzee ni kule kukataa kwake, tena kukataa mbele ya watu waliokwisha kulipa, wanaokunja uso. Ni kazi ngumu. Siku hizi nikisikia mtu anatafuta mtu wa kumpeleka porini au majini, namwambia kabla ya bei amuulize ni mambo gani hafanyi hata akiongezwa pesa. Asiyekuwa na jibu, amwache.

Mchana tulikuwa wa Bibi. Yeye alikuwa mkali kuliko kaka yake.

Alitupa kila mmoja kikapu na akaanza na masharti. Hatuchumi ng'ambo ya alama za mpaka wa pori la akiba, hata kama huko majani ni mazuri zaidi, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haichezewi, na askari wa pori hawana muda wa kusikiliza habari za mlenda. Hatuchumi kando ya mashamba yaliyopigwa dawa. Hatusafishi mboga bwawani. Kwanza mamba, ambaye hujifunza haraka mahali mtu anapoinama kila siku. Pili kichocho, maana maji yaliyotulia yenye majani ni makazi ya konokono wanaokibeba. Maji ya kuoshea alikuwa nayo kwenye ndoo, yametoka kisimani.

Mlenda wa porini si mmea mmoja, ni jina la familia nzima ya majani yanayoteleza, na Bibi alikuwa anayatofautisha kwa kuyasugua vidoleni. Wakati ule wa mwaka majani mengi yalikuwa yamekomaa, kwa hiyo tulichuma ncha tu. Kila tulipokuta kichaka kizuri, mkono wa Bibi ulitua juu ya wetu kabla hatujamaliza: yaliyotoa maua yanaachwa, yale ni mbegu za mwakani. Mgagani ulikuwepo kidogo kwenye mazizi ya zamani, penye samadi. Makole tulikula papo hapo vichakani, vitunda vidogo, utamu kidogo na kokwa nyingi. Ubuyu ulikuwa umening'inia, kijani na wenye manyoya laini, na mwenzetu akatafuta fimbo ya kuupopoa. Bibi akamwangalia tu. Ubuyu wa kula ni ule uliokaukia juu ya mti, ukiutikisa unalia ndani. Juu ya mibuyu ile kulikuwa na kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya manjano, ambao kwao ni Tanzania, hasa huku kwetu kati. Wanalala kwenye matundu ya mibuyu na wana kelele zisizolingana na umbo lao.

Kisha nikaona uyoga. Mimi mwenyewe, wa kwanza, kwenye kivuli karibu na kichuguu, mkubwa na safi. Nikaita kwa furaha. Bibi alikuja, akachuchumaa, akachimba taratibu kwa kijiti kuzunguka shina. Uyoga wa mchwa, alisema, una kichwa kilichochongoka katikati, na shina lake halikomi kwenye udongo: linaendelea chini kama mzizi mrefu mpaka ndani kwenye nyumba ya mchwa, maana ni mchwa wenyewe wanaoukuza kwa chakula chao. Huu wangu shina lilikuwa limeishia juu juu, chini limevimba. Kwa sura ya juu ungeapa ni ule ule.

"Bibi, huu una sumu?"

"Sijui. Ndiyo maana unabaki hapa. Uyoga haujaribiwi."

Alitaka pia nisiufiche kikapuni kwa ajili ya picha, kwa sababu kipande kikivunjika kikachanganyika na mboga nani atakitambua? Nikanawa mikono kwa maji ya ndoo.

Jioni, tukichambua majani, alituambia kwa nini kwao jambo hili si mchezo wa wageni. Bibi yake mzaa mama alikuwa binti wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita ya Wajerumani na Waingereza kukomba nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Kilichokuwa kimebaki cha kula kilikuwa porini, na njaa haimfundishi mtu kutofautisha majani. Ndiyo maana watoto wa Kigogo wanatumwa kuchuma mboga mapema, wakati kuna ugali wa kutosha nyumbani na kosa linaweza kusahihishwa na shangazi. Maneno hayo aliyasema kwa utulivu, huku akiondoa jani moja nililolichanganya mimi.

Tulikula ugali wa uwele, mlenda uliotiwa magadi kidogo, na perege aliyenunuliwa kwa wavuvi waliokuwa wametua asubuhi, akapikwa kwa ukwaju wa msimu uliopita. Mlenda uliobaki ulianikwa kwenye mkeka kivulini. Ukikauka unatwangwa kuwa unga, na unga huo ndio unaouona sokoni Majengo na Sabasaba katika vifungu vidogo, ambao mimi nilikuwa naupita nikidhani ni dawa. Tahadhari moja kwa watu wa Pwani: usiuweke mwingi. Kijiko kimoja kinatosha sufuria, na ukizidisha utauvuta kama gundi mpaka jirani aje kuangalia.

Kama unafikiria kwenda, mwisho wa mvua ni wakati mzuri kwa maji na mboga. Beba kofia, nguo zisizong'aa, na uwe tayari kuamka saa kumi alfajiri. Mahema yawekwe mbali na ukingo na mbali na vijia vya viboko, ambavyo huonekana kama barabara mbili nyembamba sambamba zenye tuta la majani katikati. Ukiviona, hata kama mwenyeji wako hajasema kitu, hamisha hema.

Mdomo wa Kizigo bado tunaudai. Tulimpigia mzee simu tukapendekeza mwezi wa kumi, tukiwa na likizo. Akakataa. Maji yatakuwa yamerudi mbali, alisema, mtumbwi utaburutwa kwenye tope linalofika kiunoni, na viboko watakuwa wamebanana kwenye kina kidogo kilichobaki, hawataki utani. Akatupa mwezi wa saba: ukwaju na ubuyu utakuwa umeiva, na ndege wamejaa kwenye fukwe zinazoanza kufunguka. Bibi naye akachukua simu kuagiza tuje na viroba vitupu, na kwamba yule mwenye kamera aache nyumbani shati lake jekundu.